Namba za matoleo ya programu: ahadi kati ya mtoaji na mtumiaji

Tarehe 11 Februari mwaka 2000, kampuni ya programu za kompyuta yenye makao yake Fairfax, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, iliuza hisa zake kwa umma kwa mara ya kwanza. Hisa moja ilitolewa kwa dola 35. Soko la Nasdaq lilipofungwa siku hiyo, bei ya hisa hiyo ilikuwa imepita dola 212.

Kampuni hiyo iliitwa webMethods. Ilikuwa imeanzishwa mwaka 1996 na Phillip Merrick na Caren Merrick, katika eneo la magharibi mwa Washington ambako makampuni mengi hufanya kazi za kompyuta kwa ajili ya serikali kuu ya Marekani. Haikuuza kompyuta, wala haikuuza programu ambayo mtu wa kawaida angeiona mezani pake. Biashara yake ilikuwa kuziunganisha programu za makampuni mbalimbali ili zizungumze zenyewe kwa zenyewe, bila ya karani kukaa katikati akinakili tarakimu kutoka skrini moja hadi nyingine.

Msisimko wa masoko ya hisa wa wakati ule haukudumu, na bei hiyo ikaporomoka pamoja na bei za makampuni mengine ya intaneti. Tatizo ambalo kampuni hiyo ya Fairfax ilijitwisha, hata hivyo, lingalipo. Linamhusu leo mwenye duka mjini Nairobi anayepokea malipo kwa simu, na afisa wa afya anayetuma takwimu za zahanati makao makuu, ingawa huenda wote wawili hawajapata kulisikia jina lake.

Tatizo lenyewe ni hili: programu moja inapoitegemea nyingine, na ile inayotegemewa ikabadilika, nani atajua, atajuaje, na nani atabeba gharama?

Ukurasa unapobadilika

Katikati ya miaka ya 1990 makampuni yalianza kuweka taarifa zao kwenye tovuti ili zisomwe na macho ya binadamu. Makampuni ya kusafirisha vifurushi, kwa mfano, yaliwawezesha wateja kuandika namba ya kifurushi na kuona kimefika wapi. Haukupita muda mrefu kabla ya watayarishaji wa programu kutaka kompyuta isome kurasa hizo badala ya mtu.

Kompyuta, tofauti na mtu, haioni kwamba bei imehamishwa kutoka kushoto kwenda kulia. Ikiambiwa kuwa tarehe ya kufika imo katika mstari wa tatu wa jedwali la pili, itasoma hapo hapo kila siku. Mwenye tovuti akiongeza tangazo juu ya ukurasa, programu ya mteja itachukua anwani na kuidhani ni tarehe. Mwenye tovuti hana habari kwamba amemkosesha mtu kazi, na huenda mteja naye asijue mpaka mwisho wa mwezi.

Mwezi Septemba mwaka 1997 webMethods iliwasilisha kwa W3C, shirika linalosimamia kanuni za mtandao wa intaneti, pendekezo la lugha iliyoitwa WIDL. Lugha hiyo ilieleza, katika faili iliyojitegemea, ni mambo gani yanaweza kuombwa kutoka katika tovuti fulani, mwombaji atoe taarifa gani, atarajie jibu gani, na jibu hilo lipatikane wapi katika ukurasa. Ukurasa ukibadilika, ilitosha kuirekebisha faili hiyo peke yake, na programu zilizo nyuma yake zikaendelea na kazi bila ya kuguswa.

WIDL iliandikwa kwa kufuata XML, ambayo ilipitishwa rasmi na W3C mwezi Februari 1998. Yenyewe haikupata kuwa kanuni rasmi. Lakini wazo la kuutenga mkataba na utekelezaji wake lilienea, na mwezi Machi 2001 makampuni ya Ariba, IBM na Microsoft yalichapisha kupitia W3C lugha ya WSDL, iliyotumika kwa miaka mingi kueleza huduma za namna hiyo.

Mkataba wa aina hii, yaani orodha ya mambo ambayo programu moja inaweza kuiomba nyingine pamoja na majibu yanayotarajiwa, huitwa kiolesura. Nao, kama mkataba wowote, hubadilika, na hapo ndipo namba za matoleo zinapoingia.

Namba tatu na nukta mbili

Kila mwenye simu amewahi kuona namba kama 1.4.2 karibu na jina la programu. Kwa miaka mingi namba hizo ziliandikwa kwa kufuata matakwa ya mwenye programu tu. Wengine walipandisha namba kwa sababu ya matangazo ya biashara, na wengine kwa sababu mwaka umekwisha. Donald Knuth, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, ameipa programu yake ya kupanga chapa, TeX, namba zinazoikaribia pai ya hisabati, tarakimu moja zaidi kila anapotoa toleo jipya. Inapendeza, lakini haimwambii mtu lolote kuhusu usalama wa kuhama kutoka toleo moja kwenda jingine.

Utaratibu wa kuzipa namba hizo maana maalumu uliandikwa kwa namna iliyoenea zaidi na Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub. Toleo la pili la kanuni zake, ambalo ndilo linalotumika, lilitolewa mwaka 2013.

Kwa mujibu wa kanuni hizo, namba ya mwisho ikiongezeka, maana yake ni kwamba kasoro imerekebishwa na mkataba haukuguswa. Namba ya kati ikiongezeka, kuna jambo jipya linaloweza kuombwa, na yote ya zamani yangali yanafanya kazi kama kawaida. Namba ya kwanza ikiongezeka, hiyo ni tahadhari: kitu kimeondolewa au kimebadilishwa, na kila aliyekuwa akikitegemea lazima aikague kazi yake kabla ya kuhamia toleo hilo. Toleo linaloanza na sifuri halina ahadi yoyote. Na toleo likishatolewa, yaliyomo ndani yake hayaruhusiwi kubadilishwa kimyakimya. Hata likiwa na kosa, kosa hilo hurekebishwa kwa kutoa toleo jingine lenye namba nyingine.

Ifahamike pia kwamba nukta hizo si za desimali. Toleo la 1.10 huja baada ya 1.9, wala si kabla yake.

Kwamba namba hizi ni ahadi na si pambo, Microsoft ilidhihirisha ilipotoa Windows 7 mwaka 2009. Jina lilikuwa na 7, lakini programu iliyoiuliza kompyuta inatumia toleo gani ilijibiwa 6.1. Windows Vista iliyotangulia ilikuwa 6.0, na programu nyingi zilikuwa zimeandikwa kuikagua namba ya kwanza na kukataa kufanya kazi zikikuta namba zisiyoitambua. Kwa hiyo umma ulipewa namba ya tangazo, na programu zikapewa namba ya mkataba.

Mabadiliko mamoja, wawili tofauti

Mpaka hapa mambo yanaonekana kuwa mepesi: kuongeza hakuna madhara, kuondoa kuna madhara. Ukweli ni kwamba kuongeza nako kuna madhara, ila si kwa kila mtu, na kanuni za namba tatu peke yake hazimwambii msomaji ni nani atakayeumia.

Chukua mfano wa mfuko wa bima ya afya. Mfuko unaandika mkataba unaoorodhesha huduma. Hospitali zinauridhia mkataba huo na kuzitoa huduma hizo, nao wanachama wanakwenda kutibiwa. Mfuko ukiongeza upimaji wa macho katika orodha, mwanachama hapotezi chochote. Asiyeuhitaji hatauomba, na kadi yake ya jana ingali inafaa leo. Lakini kila hospitali iliyo katika mpango huo inapaswa sasa kuwa na mtaalamu wa macho na vifaa vyake. Hospitali isiyokuwa navyo imeuvunja mkataba ambao jana ilikuwa ikiutimiza kikamilifu, ingawa yenyewe haikubadilisha kitu.

Sasa geuza upande. Mfuko huo huo una fomu ambayo kila mwanachama huijaza. Ukiongeza swali moja la lazima katika fomu hiyo, hospitali hazisumbuki. Wanaosumbuka ni wanachama wote, kwani fomu walizokwisha kuzijaza zimekuwa pungufu.

Kwa lugha ya kompyuta, hospitali ni mtoaji na mwanachama ni mtumiaji. Waliolichambua suala hili kwa undani zaidi ni wataalamu wa OSGi, muungano ulioundwa mwezi Machi 1999 na makampuni yakiwemo Ericsson, IBM na Sun Microsystems. Nia ya mwanzo ilikuwa kuendesha vifaa vya kuunganisha nyumba na mtandao. Katika mfumo wao, ulioandikwa kwa lugha ya Java, programu hujengwa kwa vipande ambavyo vinaweza kuongezwa na kuondolewa huku mfumo ukiendelea kufanya kazi. Kila kipande hutangaza kinahitaji kiolesura gani na cha matoleo gani, na kompyuta yenyewe ndiyo inayoamua kipande kipi kiunganishwe na kipi. Pasipo na mtu wa kuuliza, namba ilipaswa kusema kweli. Mwezi Mei 2010 muungano huo ulichapisha waraka wa kitaalamu kuhusu namba za matoleo zenye maana, na humo ndimo tofauti ya mtoaji na mtumiaji ilipoelezwa waziwazi.

Kanuni inayotokana na tofauti hiyo ni fupi. Tuseme kiolesura kiko katika toleo la 1.4. Mtumiaji aliyeandika programu yake kwa kufuata toleo hilo atangaze kwamba anakubali matoleo yote kuanzia 1.4 hadi kabla ya 2. Mtoaji atangaze mipaka iliyo finyu zaidi, kuanzia 1.4 hadi kabla ya 1.5. Kiolesura kikifika 1.5, watumiaji wote wanaendelea bila ya kushtuka, ila kila mtoaji anapaswa kurudi kazini, atekeleze lile jambo lililoongezwa, kisha atangaze mipaka mipya.

Mtu anaweza kudhani kwamba mtoaji ni yule anayekitekeleza kiolesura na mtumiaji ni yule anayekiita. Ni kosa la kawaida. Katika OSGi kuna huduma ya kupashana habari ndani ya mfumo, yenye violesura viwili katika kifurushi kimoja. EventAdmin ndicho kinachopokea tangazo na kulisambaza. EventHandler hutekelezwa na kila anayetaka kuletewa matangazo. Wanaokitekeleza hiki cha pili ni wengi na wametawanyika, kila mmoja kwa shughuli zake, na wote ni watumiaji, kama wanachama wenye fomu. Kwa hiyo kuongeza ombi jipya katika EventAdmin kunapandisha namba ya kati. Kuongeza ombi lile lile katika EventHandler kungelazimu namba ya kwanza ipande, kwa sababu kungewavuruga wote kwa siku moja.

Watayarishaji wa programu za Java wanaijua namna mvurugiko huo unavyojitokeza, nayo ni ya kuchosha. Kipande kisicho na jibu la ombi jipya hakikatai kuwashwa. Kinaanza kazi vizuri, kinaendelea kwa saa au siku kadhaa, kisha siku ombi hilo linapoletwa kwa mara ya kwanza kinaanguka. Toleo la nane la Java, lililotoka mwezi Machi 2014, lilipunguza maumivu kwa kumruhusu mwenye kiolesura kuweka jibu la akiba kwa wale ambao hawajaandika jibu lao. Hata hivyo jibu la akiba huandikwa na mtu asiyeijua hali ya anayesaidiwa, na si kila mara litakuwa jibu sahihi.

Daraja la M-Pesa

Kwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki, kiolesura kinachogusa maisha ya kila siku zaidi ya vyote ni kile cha malipo ya simu.

Kampuni ya Safaricom ilianzisha huduma ya M-Pesa nchini Kenya mwezi Machi 2007. Miaka kumi baadaye, mwaka 2017, ilifungua mlango wa watayarishaji wa programu kuunganisha mifumo yao na M-Pesa, na mlango huo ukapewa jina la Kiswahili, Daraja. Shule, vyama vya akiba na mikopo, wauza tiketi na maduka ya mtandaoni viliweza kupata taarifa ya malipo papo hapo, kompyuta kwa kompyuta, bila ya mtu kuusoma ujumbe wa simu na kuandika katika daftari.

Utaratibu wake unastahili kutazamwa kwa makini. Mfanyabiashara mwenye namba ya malipo husajili anwani mbili za intaneti. Katika anwani ya kwanza, akitaka, M-Pesa humwuliza kama malipo fulani yakubaliwe. Katika ya pili humpelekea taarifa ya malipo yaliyokamilika: namba ya muamala, saa, kiasi, namba ya akaunti aliyoiandika mlipaji, jina lake na namba yake ya simu.

Hapa kuna ule mgeuko wa fomu na mwanachama. Anayepokea ujumbe huo ni kompyuta ya mfanyabiashara. Yeye ndiye aliyeandika programu ya kuupokea, kwa kufuata umbo lililoamuliwa na Safaricom. Kwa maneno mengine anakitekeleza kiolesura, lakini ni mtumiaji. Wako wengi, wengine wameajiri wataalamu na wengine walimlipa kijana mmoja mara moja tu na tangu hapo hawajui yuko wapi. Mabadiliko yoyote katika ujumbe huo yanawafikia wote kwa wakati mmoja.

Mwaka 2022 jambo hilo lilitokea. Namba ya simu ya mlipaji, ambayo kwa miaka yote ilikuwa ikifika wazi, ilianza kufichwa. Sababu ilikuwa na uzito wake. Kenya ilikuwa imepitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na wateja walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu kwamba mtu akinunua unga dukani leo, kesho anaanza kuletewa matangazo kwenye simu yake. Mwenye duka hahitaji namba ya mteja ili kujua kwamba amelipwa.

Lakini mifumo mingi ilikuwa imejengwa juu ya namba hiyo hiyo. Fikiria chama cha akiba ambacho kompyuta yake inamtambua mwanachama kwa namba ya simu. Fedha zinaingia, ujumbe unafika, sehemu ya namba ya simu imo mahali pake na jina lake ni lile lile. Ndani yake, badala ya tarakimu zinazoanza na 254, kuna mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu usioweza kurudishwa kuwa namba. Programu haioni kasoro. Inatafuta mwanachama mwenye namba kama hiyo, haimpati, na mchango unabaki bila mwenyewe.

Katika maelezo ya Daraja huduma hiyo imekuwa na anwani mbili, moja yenye v1 ndani yake na nyingine v2. Kupitia ile ya kwanza namba huja imegeuzwa kabisa kwa njia hiyo ya mfuatano. Kupitia ya pili tarakimu za mwanzo na za mwisho huonekana, na za katikati hufunikwa kwa nyota. Huduma nyingi za intaneti hufanya hivyo hivyo: huweka katika anwani namba ya kwanza peke yake, kwa kuwa ndiyo pekee inayopaswa kumshughulisha mtumiaji.

Kwa kipimo cha kanuni zilizoelezwa hapo juu, kuificha namba ni mabadiliko ya namba ya kwanza, hata pale ambapo hakuna sehemu ya ujumbe iliyoondolewa. Kinachohesabiwa si umbo tu, bali maana. Mtumiaji aliyebaki katika v1 alikuwa na haki ya kutarajia kwamba v1 ni ile aliyoijua. Kwa upande mwingine, kuiacha v1 ya zamani iendelee kungekuwa kuiacha faragha ya wateja wazi kwa muda ambao wafanyabiashara wangejichagulia wenyewe, na wengi wangejichagulia milele. Kanuni za namba hazina jibu kwa mgongano wa aina hii. Ila zinaweza kuufanya uonekane mapema, kabla ya siku ya kuvunjika.

Wafanyabiashara nao wana la kufanya. Aliyeandika programu yake ipuuze sehemu za ujumbe isizozijua hatasumbuliwa siku sehemu mpya itakapoongezwa. Yule ambaye programu yake hukataa ujumbe wote kwa sababu ya neno moja geni amejipa, bila ya kujua, mipaka finyu ya mtoaji.

Takwimu za afya

Si kila mradi mkubwa unafuata maana hizi za namba. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, hutumiwa na wizara za afya za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, miongoni mwa nyingine nyingi. Kenya iliuanza kuutumia kwa nchi nzima mwaka 2011. Kwa miaka mingi matoleo yake yameandikwa 2.30, 2.31, 2.32 na kuendelea, hali ile 2 ya mwanzo ikiwa imesimama tu kama sehemu ya jina. Anayezisoma namba hizo kwa kanuni za Preston-Werner atadhani kwamba tangu 2.30 hakuna kilichoondolewa. Kumbe ni namba ya pili ndiyo yenye uzito, na kila toleo huambatana na waraka unaotaja yaliyovunjika. Katika miaka ya karibuni mradi huo umeanza kuyaita matoleo yake 40, 41 na 42, na 2 ikaachwa nyuma, jambo ambalo ni la uaminifu zaidi.

Kwa afisa wa wilaya anayeunganisha mfumo wa hospitali na DHIS2 tofauti hiyo si ya kinadharia. Takwimu za mwezi zina tarehe ya mwisho, na muunganisho ukikatika siku ya kusasisha seva, wauguzi hurudi kwenye karatasi.

Namba inapodanganya

Namba ya toleo huandikwa na mtu, na mtu anaweza kukosea au kudanganya. Mwezi Januari 2022 mwenye colors, maktaba ndogo ya kutia rangi maandishi ambayo ilikuwa ikipakuliwa mamilioni ya mara kila wiki, aliiharibu kwa makusudi ili iandike maneno yasiyo na maana bila ya kukoma. Matoleo yaliyoharibiwa yalibaki katika safu ya 1.4, yaani ile iliyoahidi marekebisho ya kasoro tu. Programu nyingi duniani zilikuwa zimeelekezwa kuchukua marekebisho ya aina hiyo zenyewe, bila ya kumwuliza mtu, na zikayachukua. Tangu hapo wengi zaidi wamezoea kuandika namba kamili ya toleo wanalolitaka na kuihamisha kwa mkono baada ya majaribio, ingawa hilo nalo lina hatari yake: marekebisho ya kweli ya usalama huchelewa kufika.

Dhidi ya kukosea kwa bahati mbaya kuna vyombo vya kusaidia. Katika ulimwengu wa OSGi kuna bnd, iliyotungwa na Peter Kriens. Hiyo hulilinganisha toleo jipya na lililotangulia, huona kilichoongezwa na kilichoondolewa, hutazama kama kiolesura kimetiwa alama ya kutekelezwa na watoaji au na watumiaji, kisha humwambia mwandishi namba anayopaswa kuiandika. Akiandika ndogo kuliko inavyostahili, kazi inasimama hadi aisahihishe.

Chombo hicho huona umbo, hakioni maana. Namba ya simu iliyogeuzwa kuwa mfuatano wa herufi ingali ni maandishi katika sehemu iliyoitwa kwa jina lile lile, na bnd ingeipitisha bila ya neno.

Baada ya Fairfax

Kampuni ya webMethods iliendelea kukua baada ya ile siku ya Nasdaq. Katika mwaka huo huo wa 2000 iliinunua Active Software ya California, kwa hisa zilizokuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni moja. Mwaka 2007 yenyewe ilinunuliwa na Software AG ya Darmstadt, Ujerumani, kwa dola milioni 546, na makao yake makuu ya Fairfax yakawa tawi la kampuni ya Kijerumani.

Muungano wa OSGi nao umebadilisha nyumba. Tangu mwaka 2021 kazi zake zinaendelezwa chini ya taasisi ya Eclipse, ambayo programu yake mashuhuri ya kuandikia programu imejengwa juu ya OSGi tangu mwaka 2004.

Mwezi Julai 2024 IBM ilikamilisha ununuzi wa webMethods pamoja na bidhaa nyingine, StreamSets, kutoka Software AG kwa takriban euro bilioni 2.13. Ni IBM ile ile iliyokuwa miongoni mwa waanzilishi wa OSGi mwaka 1999 na miongoni mwa waandishi wa WSDL mwaka 2001. Wamiliki wamekuwa watatu, na bidhaa za kuunganisha programu zingali zinauzwa kwa jina la webMethods.